Kula Mombasa: maswali ambayo wageni huniuliza kila likizo

Nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, na sasa naishi Tudor. Likizo za Agosti na Disemba zikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa jamaa wa Nairobi, binamu wa Muscat, na marafiki wa marafiki walio Toronto ambao sijawahi kuwaona. Wote wanataka kujua watakula wapi. Nimechoka kuandika majibu yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa.

Mkahawa mzuri kuliko yote Mombasa ni upi?

Swali hili ndilo la kwanza kila mara, na ndilo nisiloweza kulijibu. Mtu wa Mombasa hula kwao. Akitoka nje, ametoka kufuata kitu kimoja kinachopikwa vizuri na mtu fulani, mtaa fulani, saa fulani. Mama wa mahamri hauzi wali. Wa viazi karai hana habari na mishkaki. Ukimkuta mtu anauza vyote hivyo, na pizza juu yake, ujue ana friji kubwa tu.

Uliza hivi: "Saa hii watu wanakula nini?" Muulize dereva wa tuktuk, muulize askari wa geti, muulize mwenye duka unalonunua maji. Utapata jibu moja kutoka kwa watu watatu, na jibu hilo litakuwa na jina la mtaa ndani yake. Angalizo dogo: kwetu "hoteli" ni mahali pa kula na pia mahali pa kulala, kwa hiyo sema unatafuta nini kabla hujapelekwa Nyali na mabegi yako.

Basi saa hizo ni zipi?

Alfajiri hadi kama saa tatu ni mahamri na mbaazi za nazi, pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi au iliki. Baada ya saa tatu utapata mahamri yaliyopoa, na mbaazi za chini ya sufuria zilizoganda. Usimlaumu mama, umechelewa wewe.

Mchana ni wali. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, maharagwe ya nazi, mchicha, au pilau. Wengi hula baada ya swala ya adhuhuri, na kufikia saa nane sehemu nzuri zimebaki na ukoko.

Kuanzia alasiri, saa kumi hivi, makarai yanatolewa nje: viazi karai, bhajia, sambusa, katlesi, kachri. Hapo ndipo wauza kahawa nao wanapoanza kukaa kwenye pembe zao na madele, yale mabirika ya kahawa, mkaa ukiwaka chini na vikombe vidogo vikigonganagongana. Kahawa ni chungu kwelikweli. Hainyweki na sukari. Utamu unauweka mdomoni kando, kipande cha kashata au halua, kisha unapiga funda. Vikombe hulipiwa kwa sarafu hadi leo. Na barazani hapo utasikia siasa ya nchi nzima bure.

Magharibi ikishaingia, moshi wa mishkaki. Nyama imelazwa na tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi la kuilainisha, kijana anapepea mkaa kwa kipande cha katoni, nawe unasimama upande ambao upepo hauji. Saa hizo pia ni za mkate wa mayai, ule unga uliotandazwa mwembamba kama karatasi, ukajazwa kima na yai, ukakunjwa na kukaangwa.

Mahamri si ndiyo mandazi?

Ukiuliza hivyo mbele ya nyanya yangu, chai yako itapoa ukisubiri amalize kukusomea. Mandazi ni mazuri, siyakatai. Hamri lina tui la nazi na iliki, na unga wake umeumuliwa kwa hamira hadi ukafura. Ninayemfuata mimi ana meza ya mbao, karai moja na sufuria mbili za mbaazi zilizofunikwa kwa sinia. Hukata pembetatu, hutumbukiza. Hamri linazama, linarudi juu, halafu yeye hulimwagia mafuta ya moto mgongoni kwa upawa, mara tatu au nne, hadi linavimba kama mto. Ukilipasua ndani ni tupu, na mvuke wa iliki unakupiga usoni. Uwazi huo ndio mahali pa mbaazi. Hamri lisilo na uwazi amelikanda mtu mwenye haraka.

Nitajuaje kibanda kizuri nikiwa mgeni na sina mwenyeji?

Tazama nani anakula. Wasukuma mikokoteni na madereva wa tuktuk wana pesa ndogo na njaa kubwa, na hawasamehi. Watoto wa madrasa wakitoka saa za alasiri nao ni waamuzi wazuri, hasa wa viazi na mabuyu. Kisha tazama mafuta ndani ya karai. Yakiwa ya rangi ya asali, endelea. Yakiwa meusi na povu halitulii, pita. Tazama pia bakuli la ukwaju: limefunikwa au limeachiwa nzi?

Halafu angalia kama chakula kinaisha. Hii mimi naiamini kuliko zote. Mpishi mzuri wa hapa hupika kiasi, huuza, hukunja meza na kwenda zake. Ukifika saa tatu na nusu ukaambiwa "mbaazi zimeisha, njoo kesho," usinune. Weka alama mahali hapo na kesho uamke mapema.

Kibao hakina maana yoyote. Nawajua wapishi wawili wa biriani ambao dirisha lao ndilo duka lao.

Niamini nyota za kwenye intaneti?

Ziamini kwa vyoo, maegesho na mandhari ya bahari. Wanaotoa nyota wengi ni wapita njia, na mpita njia hupima alichokiona: kiti, feni, tabasamu la mhudumu. Mama wa mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, aliyeko mezani kwa saa mbili tu asubuhi hayumo kwenye ramani, na akiwekwa atawekwa mtaa wa pili.

Mwaka mmoja nilifuata nyota mwenyewe, aibu yangu. Binamu walitoka Muscat, nikataka kujionyesha, nikawapeleka mahali pa kando ya bahari palipokuwa na nyota tele na menyu nene kama kitabu cha hadithi. Tuliagiza samaki wa kupaka. Tukasubiri karibu saa mbili, taa za mishumaa zikazimika mara mbili kwa upepo, na alipokuja samaki, katikati bado alikuwa baridi ya barafu. Rojo lake lilikuwa tamu tamu kama la keki. Binamu mkubwa, mtu mwenye adabu, alisema tu, "Mashallah, mandhari nzuri." Usiku huo huo tukaishia Bondeni tumesimama, tunakula mishkaki kwenye kipande cha gazeti.

Kwa hiyo hakuna mkahawa wowote wa kukaa ukatulia?

Ipo, na wala siipuuzi. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, kusimama kando ya karai si raha. Tarboush, barabara ya Makadara, ni mahali ambapo hata wenyeji hukaa usiku kula kuku tikka na naan na kunywa juisi. Kelele nyingi, meza nyingi, chakula hakikawii. Katikati ya mji kuna mikahawa ya Wahindi yenye vyakula vya Kigujarati. Ila usiende Tarboush saa nne asubuhi ukitafuta mahamri. Kanuni ya saa haijui jina la mkahawa.

Biriani au pilau? Na kwa nini kila mtu ananiambia nisubiri Ijumaa?

Kwa sababu Ijumaa nyumba nyingi za Waislamu hupika kimoja kati ya hivyo viwili kwa ajili ya baada ya swala, na wauzaji nao hupika kingi na kwa moyo. Siku nyingine utakipata, lakini Ijumaa kinapikwa kwa watu wanaojua tofauti.

Pilau ni sufuria moja: kitunguu kinakaangwa hadi kiwe kahawia, hicho ndicho kinachotoa rangi, kisha nyama, bizari ya pilau, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, na mchele unaivia ndani ya supu ya nyama. Biriani ni sufuria mbili. Masala yanapikwa peke yake, mazito, yenye nyanya, mtindi, vitunguu vya kukaanga na mara nyingi viazi. Wali unapikwa peke yake na kunyunyiziwa rangi. Sahani ikija, wali na rojo vimekutana sasa hivi. Ukiletewa wali wa manjano umechanganywa na nyama kavu, umeuziwa pilau iliyovaa kanzu ya biriani.

Uliza kama ni ya mbuzi, ng'ombe au kuku, na uombe kachumbari na pilipili kando. Ukiona ndizi mbivu kwenye sahani, usidhani ni kitindamlo. Inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge.

Viazi karai ni nini hasa?

Viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye unga mwepesi uliotiwa manjano, vikakaangwa. Ukivisoma hivyo havina maajabu. Siri iko kwenye ukwaju unaomwagiwa juu, na kila muuzaji ana wake: mwingine mzito wenye tende, mwingine mwembamba na mkali, mwingine ana chatine ya nazi kando. Onja vibanda vitatu katika jioni moja, viazi viwili viwili, na utakuwa tayari una upande wako.

Viazi vya rojo ni ndugu yake, vya bakulini. Mzanzibari akikaa karibu, usitaje neno hilo kama hutaki mjadala, maana naye ana urojo wake.

Samaki mzuri nitampata wapi?

Uliza kwanza upepo. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na ngalawa nyingi hazitoki mbali. Samaki hupungua na bei hupanda. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, bahari hutulia na samaki huwa tele. Anayekuja Julai akitaka kolekole mkubwa wa kuchoma kila siku ataupata mfukoni moto wake.

Usiagize jina lililo kwenye menyu. Uliza, "Leo ameingia samaki gani?" Akikujibu changu, tafi, nguru au jodari bila kufikiri, mwamini huyo. Akisema "wote wapo," mmoja wao ametoka kwenye barafu.

Kwa pesa kidogo nenda kwa mama karanga. Hao ni wanawake wanaonunua samaki kwa wavuvi, wakawakaanga na kuwauza jioni mitaani. Unachagua kipande, unafungiwa na ndimu na pilipili, unakula na muhogo au sima. Samaki wa kupaka ni habari nyingine: anachomwa kwanza kwenye mkaa, kisha anapakwa tui lililoungwa kwa kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ukwaju, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Ni kazi ya subira, ndiyo maana bora uagize mapema kwa mpishi wa nyumbani. Mwenye nyumba unayolala karibu hakika anamjua mmoja.

Chakula cha huko kina pilipili kali?

Kina viungo vingi, pilipili kidogo. Pilipili huja kando, kwenye kibakuli au chupa. Ukiona chupa ya soda kuukuu imejaa kitu chekundu chenye mbegu, anza na tone.

Sili nyama. Nitakufa njaa?

Mombasa? Hata kidogo. Mbaazi za nazi, maharagwe ya nazi, muhogo wa nazi, mchicha, bhajia, viazi karai, kachri, na mikahawa ya Kigujarati isiyopika nyama kabisa. Jihadhari na kitu kimoja: baadhi ya wapishi huweka muhogo wa nazi pamoja na nyama au samaki bila kuona haja ya kulitaja. Sema wazi, "Si nyama, si samaki, si supu yake."

Tumbo langu ni la kizungu. Nifanye nini?

Kula kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Maji ya chupa. Barafu na kachumbari, acha hadi siku ya tatu. Dafu ni salama kwa sababu limefungwa na Mungu mwenyewe: linakatwa mbele yako, unakunywa, kisha muuzaji analipasua na kukuchongea kijiko cha kumbi ule nyama yake laini.

Kuna adabu zozote Mji wa Kale?

Salimu kwanza, chakula baadaye. "Sabalkheri mama" asubuhi na "masalkheri" jioni vitakupatia kipande cha ziada kuliko tabasamu na kamera. Kwa mkono, kula na wa kulia. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti; unapita mbele ya milango ya watu na misikiti. Usimpige picha mama bila ruhusa, hata kama karai lake ni zuri namna gani. Mwombe, na akikataa, nunua hamri vilevile.

Vichochoro vinachanganya lakini vina watu. Ukipotea, shuka kuelekea upepo wa bahari na utatokea karibu na Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno kuanzia 1593. Na kwa vile umefika hapo: muhogo unaoutafuna jioni, na mahindi ya kuchoma, na pilipili yenyewe, asili yake ni Amerika. Zilivuka bahari katika zama hizo za Wareno. Waomani walioiteka ngome 1698 ni ndugu wa halua unayonunua mtaa wa nyuma. Wahindi wametuachia bhajia na chapati. Wenyeji walikuwa na nazi na samaki, na hawakuona sababu ya kumkatalia yeyote mlango wa jiko.

Nikija Ramadhani?

Njoo! Mchana kumetulia, vibanda vingi vya Mji wa Kale vimefungwa, na kula hadharani mtaani ni utovu wa heshima hata kama hakuna atakayekukamata. Katikati ya mji utapata pa kula. Lakini kuanzia alasiri, Bondeni, Majengo na Kibokoni meza hutolewa moja baada ya nyingine: kaimati zilizochovywa shira, vitumbua, mkate wa sinia, mkate wa mofa, sambusa, tambi, muhogo wa nazi, faluda. Nunua kabla ya adhana, maana dakika kumi za mwisho ni vita. Usiku, baada ya tarawehe, mji huamka upya na kahawa hunyweka hadi karibu na daku.

Nina siku moja tu. Nipangie.

Lala usiku uliotangulia, usije na treni ya asubuhi kutoka Nairobi, maana itakufikisha stesheni ya Miritini mchana na staftahi umeipoteza. Saa moja asubuhi uwe Mji wa Kale kwa mahamri na mbaazi. Tembea hadi Marikiti, soko la viungo lililo barabara ya Digo, upite Langoni unuse tu. Mchana wali wa nazi au, ikiwa Ijumaa, biriani. Lala. Naam, lala, joto la saa tisa si la kutafuta chakula. Alasiri viazi karai na kahawa moja. Machweo nenda Mama Ngina, sisi tunapaita Lighthouse, ununue dafu na krispsi za muhogo zilizopakwa pilipili na ndimu, ukae ukutani utazame meli zikiingia Kilindini. Usiku, mishkaki. Ukibaki na nafasi tumboni, panda feri ya Likoni. Mwendo wa miguu haulipiwi, na pande zote mbili kuna wa kukulisha.

Bei zikoje, na nilipe vipi?

M-Pesa karibu kila mahali, hata kwa muuza madafu, lakini beba noti ndogo na sarafu. Uliza bei kabla ya kuagiza samaki mzima. Kwa mahamri na viazi hakuna haja ya kujadili. Mama ana bei moja kwa wote, na ukianza kupunguza utachekwa.

Pombe?

Mji wa Kale, hapana. Nyali, Bamburi na Mtwapa zipo baa tele, na mnazi huuzwa mangweni. Mimi si mtaalamu wa idara hiyo.

Nibebe nini kurudi nacho?

Halua, kwanza. Ni wanga, sukari, samli na iliki, vilivyokorogwa bila kupumzika ndani ya sufuria kubwa hadi mkono wa mkorogaji uchoke. Omba kuonja: nzuri hunyumbuka na haibaki na chengachenga ulimini. Achari ya embe, lakini ifungwe mara tatu, kwani mafuta yake yameharibu nguo za binamu zangu zaidi ya mara moja. Mabuyu mekundu kwa watoto. Viungo nunua vizima, sio vya unga; karafuu na mdalasini mzima haviwezi kudanganya, masala ya unga yanaweza. Wa Muscat huniomba ng'onda kila safari, yule samaki mkavu, na kila safari nawaambia wamfungie kwenye mfuko wao wenyewe, si wangu.